Mapazia ya Jumba la Kale

Bibi Pindo aliitwa hivyo kwa sababu pindo alilolishona halikufumuka. Kwa miaka ishirini na mitatu alishona mapazia ya jumba la kale la malkia, akayakabidhi getini, akageuka kurudi kwake. Ndani hakuwahi kukanyaga. Kiingilio kilimshinda, na kubembeleza walinzi si tabia yake.

Ilipotangazwa siku ya watu wote kuingia bure, alivaa gauni lake la kutokea, akajichanganya na umati. Wenzake walikikodolea macho kiti cha malkia. Yeye alitazama madirishani. Mapazia mekundu yalipumua kwa upepo, na jua lililopenya humo liliwapaka watu wote rangi ya usingizi. Alihisi sakafu inamwacha, anaelea polepole. Akainua pindo moja, akauona mshono wake, ule anaourudia mara tatu.

"Bibi, usiguse tafadhali," akasema binti anayeongoza wageni, kwa adabu. "Haya aliyashona fundi wa malkia mwenyewe. Alishafariki zamani sana. Mkono kama ule hauzaliwi tena."

Bibi Pindo aliliachia pindo taratibu.

"Mungu amrehemu," akasema.

Jioni mjukuu wake alimkuta kwenye cherehani, anaimba peke yake.

"Bibi, umeona nini huko?"

"Nimeona kazi ya marehemu mmoja," akajibu, akitia uzi kwenye tundu la sindano. "Alikuwa fundi, yule mama. Tena fundi kwelikweli."