Aliyeshika Usukani Bila Kusema Samahani

Chumba cha mapumziko cha marubani kina meza moja ndefu, birika la umeme na dirisha kubwa linalotazama mahali ndege zinapopakiwa mizigo. Tangu wiki ile ya ukungu, mtu akitaka kujua yule binti, rubani msaidizi anayeitwa Kinda, amekaa wapi, haulizi. Anatazama tu palipo na viti vitupu kulia na kushoto.

Jina hilo alipewa na Kapteni, siku alipofika kazini na shati la sare lililomzidi mabega. Kapteni aliuliza hili kinda limeanguka kutoka kiota gani, chumba kizima kikacheka, na Kinda mwenyewe akacheka kuliko wote. Kiota hakuwa nacho. Shangazi yake, mshona nguo aliyemlea peke yake, alikuwa amefariki miezi michache kabla. Mke wa Kapteni alipopata habari hizo alisema mtoto wa watu hawezi kuishi chumba cha kupanga huku kwao kuna chumba cha uani kinacholaza masanduku. Kinda akahamia. Akaanza kumwita Kapteni Baba na mkewe Mama bila mtu kumwelekeza. Hata alipopata kwake, kila Jumapili sahani yake iliwekwa mezani bila kuulizwa kama atakuja.

Kapteni alipendwa, na alistahili kupendwa. Marubani karibu wote pale wamepita mikononi mwake. Alikuwa akiwaambia ndege ni kama punda, ukimwogopa anajua. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja astaafu, na keki ya kumuaga ilishaagizwa.

Asubuhi ya safari ile mvua ilikuwa nyembamba na ukungu umeulalia uwanja. Hali ikiwa hivyo, macho ya rubani hayana kazi. Uwanjani kuna mtambo unaotuma mawimbi ya redio, na ndani ya ndege kuna mistari miwili kwenye kioo cha vipimo: mmoja unakuonyesha kama umepotoka kushoto au kulia, mwingine kama uko juu mno au chini mno. Unaifuata mistari hiyo ukishuka ndani ya weupe mtupu, mpaka kimo kilichowekwa. Hapo ndipo unapoinua macho. Ukiziona taa za uwanja, unatua. Usipoziona, unapanda ujaribu tena au uende mji mwingine. Hakuna njia ya tatu, na hakuna cheo kinachoiongeza. Ziko ndege zilizoanguka kwenye ukungu zikiwa nzima kabisa, injini zinaunguruma vizuri, kwa sababu tu ndani yake kulikuwa na mtu aliyetaka sana kuona.

Walipofika kimo kile Kapteni alisema, "Naziona taa."

Kinda akatazama nje. Taa zilikuwepo kweli. Lakini zilikuwa safu moja, za rangi ya chungwa, upande wa kushoto, wakati mstari kwenye kioo cha vipimo ulikuwa unakimbilia kulia. Zilikuwa taa za barabara ya magari inayopita nyuma ya maghala.

"Baba, naona kama huo sio uwanja," alisema.

Kapteni aliendelea kuishusha ndege kuelekea kwenye zile taa.

"Samahani, Mzee. Labda tupande."

"Tulia, mwanangu. Naziona."

Ndipo Kinda aliposhika usukani, akasukuma nguvu ya injini mpaka mwisho, akasema, "Nimeshika mimi." Ndege ikainuka. Chini yao lilipita paa la ghala, karibu kiasi kwamba aliyaona matairi mabovu yaliyowekwa juu ya mabati ili yasipeperuke. Wakazunguka, wakajaribu tena, wakatua. Abiria walishuka wakinung'unika kwa kucheleweshwa.

Ajali ambayo haikutokea haina shahidi. Hakuna mabaki, hakuna kilio, hakuna wa kukushukuru. Kilichobaki ni habari kwamba binti kampokonya Mzee usukani, na kwa siku chache habari hiyo ilinenepa. Fundi mmoja wa injini alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba siku hizi vifaranga vinadonoa majogoo. Marubani wenzake, ambao wote wanaijua kanuni, hawakukerwa na usukani. Walikerwa kwamba hakusema Baba. Hata samahani hakusema! "Nimeshika mimi," tena kavu, kama anamfokea mbeba mizigo. Kwamba alikwisha kusema Baba, na akasema samahani, na mara zote mbili ndege ikaendelea kushuka, hilo hakuna aliyelisimulia. Heshima ni kitu kizuri, nami nimelelewa nayo. Lakini haina mbawa.

Siku moja kabla ya kikao na mkuu wa marubani kuhusu safari ile, Kapteni alikuja kwake mchana. Kinda ana kiti kimoja. Akampa mgeni, yeye akakaa kitandani. Kapteni alianza na bomba la jikoni lililokuwa likivuja. Akaomba spana, akalikaza, akarudi akijifuta mikono kwenye suruali.

"Niliona taa," alisema.

"Uliona taa za barabara, Baba."

Kapteni akakiri kwamba alilijua hilo pale pale ndege ilipoanza kuinua pua, na kwamba tangu siku ile usingizi umemhama. Hakumlaumu. Alichoomba ni kimoja: kesho Kinda aseme waliamua pamoja. Amwache aondoke kazini vile watu walivyomjua. Umebaki mwezi mmoja tu, hatashika usukani tena maishani, ataumia nani?

Kinda aliifikiria ile nyumba, nyumba pekee duniani ambamo mtu humngoja. Akawafikiria pia vijana watakaoingia mwaka huu, wakaamini kwamba mzee wa aina ya Baba hakosei, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba alikosea.

"Nikisema tuliamua pamoja," alisema, "yule atakayekaa kiti changu atamngoja mzee wake waamue pamoja."

Kapteni alisimama. "Haya, Kinda," alisema. Hakukuwa na hasira. Ila siku zote akiaga alimwita mwanangu.

Kikaoni Kinda alieleza yote, tangu ukungu mpaka matairi. Kapteni alipoulizwa kama ana la kuongeza alisema ndivyo ilivyokuwa, basi. Aliondolewa kwenye ratiba siku hiyo hiyo. Keki ilikatwa nyumbani kwa rubani mwingine, na Kinda aliijua sherehe hiyo kwa kusikia wenzake wakiisimulia kwa vicheko kesho yake. Mkuu wa marubani alimpa mkono, akamwambia amefanya kazi yake vizuri. Alimwambia kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Kwa nini sauti ya chini? Kwa nini mlango?

Jumapili iliyofuata Kinda alivaa, akanunua machungwa, akakaa kitandani na viatu miguuni, asijue aende au asiende. Simu ikalia. Alikuwa Mama. Alimuuliza kama amekula.

"Mwenzangu kaniambia mwenyewe jinsi ndege ilivyokuwa chini," Mama alisema. "Sasa hivi yuko uani anakohoa. Kama si wewe, leo nisingekisikia kikohozi hicho. Mungu akulipe, mwanangu."

Akashusha sauti.

"Lakini usije kwanza. Akikuona atajikaza, na mimi sitaki ajikaze. Mpe muda."

"Muda gani, Mama?"

Mama alisema hajui, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kudanganya, Kinda alimwamini. Simu ilipokatika alivua viatu. Akayaosha machungwa yote, akamenya moja, akalila akiwa amesimama jikoni. Yaliyobaki yalikuwa mengi mno kwa mtu mmoja.