Mama Yangu Katika Theluji ya Moscow

Safari hii imekula shilingi milioni sita na laki mbili: tiketi, viza na mzigo wa ziada. Nimehesabu mara mbili, haipungui. Mimi muuza vitenge wa Tanga sisafiri bila kujua narudi na nini, lakini Mama alikuwa ameshaamua: "Nenda Birmingham ukaone kama bado nimo."

Mama alifanya usafi Birmingham, Uingereza, miaka kumi na tisa, mpaka magoti yakamrudisha nyumbani. Mmoja wa waliomwajiri ni Mzee Arkadi, Mrusi anayechora historia ya kwao. Picha yake kubwa ni watu wa Moscow wakati wa njaa ya zamani, wakingoja ghala la mfalme lifunguliwe. Hachori sura ya kubuni. Kila mtu lazima asimame mbele yake. Mama alisimama siku kumi na moja. Sasa tajiri mmoja alitaka kuinunua, kwa sharti Mama afutwe.

Jumatatu, Alum Rock, mtaa wa Birmingham. Nilifikia kwa binamu yangu Salma, muuguzi. Akalipima koti langu kwa vidole.

"Kaka, na hili utaganda."

"Nimelipata nusu bei."

"Basi utaganda nusu."

Jumanne asubuhi, mtaa wa Nechells. Mzee Arkadi alichorea katika ghala la kukodi, na kodi ilikuwa inakwisha Ijumaa. Ana miaka themanini, lakini aliponifungulia akaniamkia shikamoo, alivyofundishwa na Mama. Nikaitikia marahaba kabla sijajishtukia.

Picha ilikuwa na urefu wa mita nne. Muuza nyama wa Alum Rock alikuwa askari wa mfalme, ukingoni kushoto. Nikahesabu vichwa: arobaini na viwili. Nikarudia: arobaini na vitatu. Niliyemruka alikuwa ukingoni kulia, mtandio kichwani, amekaza midomo kama anayengoja chenji yake. Mama.

Tukinywa chai, Mzee akanisimulia. Ujanani, kwao Leningrad, serikali ilimkasirikia mwalimu wake, na yeye Mzee akaamriwa amfute kwenye picha. Akamfuta, akachora pipa mahali pake.

"Lilikuwa pipa zuri. Walilisifu sana," alisema. "Sijachora pipa tena."

Alipohamia Birmingham alipiga rangi mashine kwenye karakana moja ya mtaa wa Tyseley miaka ishirini na sita, na watu wake akawachora Jumapili.

Jumatano mchana yule tajiri akaja.

"Mwanamke kama huyu hakuwepo Moscow enzi hizo," alisema.

Nikampigia Mama, nikaweka spika, nikamtafsiria.

"Muulize," Mama akasema, "yeye alikuwepo?"

Nikamuuliza. Akapandisha bei: kutoka pauni elfu kumi na nne hadi ishirini. Nilizigeuza kuwa shilingi kichwani, mara mbili, na sitasema uongo, nilizitamani. Mzee Arkadi akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, akamnyooshea tajiri.

"Mfute wewe. Kwa mkono wako."

Tajiri akaitazama brashi, akalitazama koti lake la sufu, akaenda zake.

"Ijumaa narudisha funguo," Mzee akaniambia. "Picha mpelekee mama yako."

"Bei gani?" nikauliza, kwa mazoea.

"Siku kumi na moja. Ameshalipa."

Alhamisi tuliitoa kwenye mbao, tukaizungusha kwenye bomba la plastiki. Kwenye uwanja wa ndege waliipima mara mbili, nami nikawaelewa.

Jumapili, Tanga. Nilikuwa naamini kila bei inashuka ukiivumilia. Huko nimemwona mzee asiye na kodi ya mwezi ujao akiikataa bei iliyokuwa inapanda.

Shida iliyobaki ni ukuta. Mrefu kuliko zote hapa nyumbani ni mita tatu na nusu. Fundi anasema tukunje nusu mita ya kulia nyuma ya fremu. Huko ndiko aliko Mama. Mama anasema tukunje kushoto, kwa askari wa mfalme. Lakini muuza nyama naye alisimama siku zake.

Kwa hiyo sikunji mtu. Mwenye kujua namna ya kurefusha ukuta bila kubomoa nyumba, au mwenye ukuta mkavu wa mita nne, naomba anishauri. Bei tutaelewana.