Tulipojifunza Kukaba Isaka

Wenzangu mliokulia Isaka enzi zile malori ya Kigali yanapaki mpaka mlangoni kwa mtu, mtanisahihisha nikikosea. Utoto wetu ulinukia dizeli na michembe. Asubuhi unaamshwa na honi ya treni ya mizigo, unatia mfukoni vile viazi vikavu alivyovianika mama juu ya jiwe, unakimbia shule huku unatafuna. Jioni ni rede, ni mdako, ni kombolela nyuma ya makontena, mpaka usikie jina lako linaitwa kwa ile sauti ambayo ukiisikia tu unajua fimbo iko tayari. Mama yangu alikuwa na neno lake: "Gauni likichanika huko, utalivaa hivyohivyo mpaka Krismasi." Na kweli nililivaa.

Ukimhadithia haya mtoto wa leo anakuuliza, "Sasa mama, simu mlikuwa mnachaji wapi?" Nani awe na simu! Binti yangu hapa Katoro anacheza mpira wa kikapu na viatu vya bei ya mbuzi mzima. Sisi tulicheza peku, tena kwenye shamba la mahindi.

Aliyetuletea mchezo ule ni Mwalimu Neema, msichana wa Moshi aliyepangiwa shule yetu akiwa ndiyo kwanza ametoka chuo. Alimwomba Mwalimu Mkuu kipande cha shamba la shule, nyuma ya madarasa. Mkuu alipenda mahindi kuliko alivyopenda watu, lakini sijui siku ile alipitiwa na nini, akakubali. Mafundi wa malori wakatuchomelea ringi mbili za vyuma chakavu, dereva mmoja akatuletea mpira, nasi wasichana wa darasa la sita na la saba tukaukanyagakanyaga ule udongo mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Wavulana walikuwa na uwanja wao wa mpira wa miguu tangu zamani. Sisi tulikuwa na ndoo na jiko. Pale kwenye ringi ndipo mahali pekee ambapo hakuna mtu aliyekuja kututuma maji.

Na jamani, tulikuwa tunafunga! Limi, rafiki yangu wa dawati moja, alikuwa akipata mpira anatingisha mabega kwanza, anageuka nusu, anarusha kama hataki, na mpira unaingia. Vigelegele hapo! Mimi kazi yangu ilikuwa kumpasia. Tulifunga mpaka refa anapoteza hesabu, ila kila mechi tulifungwa zaidi ya tulivyofunga. Mpinzani akishika mpira sisi tunapisha, mikono kiunoni, tunamtazama anavyokwenda kufunga kana kwamba tunamsindikiza mgeni.

Mwalimu Neema alikauka sauti kwa kupiga kelele. "Kabeni! Jamani, kabeni!" Siku moja Limi akamjibu kwa adabu zote, "Yaya, mwalimu, hapana. Kumzuia mwenzako asicheze huo ni wivu." Maskini, mwalimu wa watu hakuelewa hata kidogo. Ninyi mnaelewa. Sisi Wasukuma tulikulia kwenye ngoma za baada ya mavuno, makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji wanahamia kwa lile linalowafurahisha. Lenye watu wengi ndilo limeshinda. Huendi kumshika mwenzako mguu. Unacheza vizuri kumzidi, basi. Kwa hiyo watu wakijaa upande wetu kumtazama Limi, kwa hesabu yetu tumeshinda. Tuliwahi kurudi kutoka mechi ya ugenini tunaimba njia nzima, Mkuu akatoka ofisini na tabasamu lake, akauliza, "Mmeshinda?" Tukamjibu kwa furaha, "Watu tumewachukua sisi, mwalimu. Pointi ndiyo wamechukua wao."

Lile tabasamu lilivyofutika, sitaki hata kukumbuka. Mvua zilikuwa zinakaribia. Kesho yake mstarini, mbele ya shule nzima, akatangaza kwamba mechi inayofuata itachezwa hapo nyumbani, na tukifungwa anang'oa vyuma vyetu siku hiyohiyo na kupanda mahindi. Jioni nilimkuta Mwalimu Neema amesimama peke yake chini ya ringi, anajifuta macho kwa ncha ya khanga. Nikamwamkia, "Shikamoo mwalimu," akaitikia bila kunitazama.

Ndipo mwalimu akaipangua timu. Akamwingiza Zaituni, binti wa fundi malori aliyekuja kutoka Kigoma, mtoto wa kike pekee kwao, ambaye kaka zake walimzoesha kukaa golini nyuma ya gereji. Kufunga hajui kabisa; mpira wake mmoja ulitua juu ya bati la darasa la tatu. Lakini kumpita yule? Shughuli! Ngoma zetu hakuwahi kuzitazama, kwa hiyo hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kukaba ni kosa. Na aliyetolewa kumpisha, mtashangaa, ni Limi mwenyewe. Tulinuna timu nzima. Kwenye mazoezi, kila Zaituni alipomzuia mtu, watoto waliozunguka uwanja walimzomea, "Mwenye wivu huyo! Mwenye wivu!" Akavumilia, akavumilia, mwisho akauweka mpira chini na kusema, "Mimi sirudi tena hapa." Akaenda zake, na mechi ni kesho kutwa.

Kila mtu alidhani Limi atafurahi. Wapi! Jioni ile alikwenda mwenyewe kwa kina Zaituni, akakaa huko mpaka mama yao akampa na chakula. Kesho yake akaja naye amemshika mkono, akatuambia sisi tulionuna, "Huyu hamzuii mtu kucheza. Anazuia uwanja wetu usilimwe. Mwenye wivu ni nani, yeye au jembe?"

Siku ya mechi Mkuu hakutaka hata kusubiri. Alishaleta ng'ombe wawili na plau, wamesimama pembeni ya uwanja na Mzee Shija mwenye ng'ombe, wanatafuna majani. Mayo, mama yangu! Unacheza huku unayaona mapembe yale. Wageni wakaanza kwa kasi, wakafunga, wakafunga tena, na watu wakaanza kumzomea Zaituni kama kawaida yao. Limi akainuka kwenye benchi. Akajifunga khanga kiunoni, akaenda kusimama chini ya ringi yetu sisi, ile tunayoilinda, akaanzisha wimbo kama manju hasa, na mabega yale mnayoyajua. Watu wote wakamfuata. Uwanja mzima ukahamia kwenye ringi yetu! Zaituni akitanua mikono, vigelegele. Akipokonya mpira, Limi anamtajia jina kwenye wimbo. Na sisi wengine tukaanza kuona gere, tukataka kutajwa pia. Kumbe hatukuwa wavivu wa kukaba, tulitaka tu kusifiwa! Tukakaba siku hiyo, mimi nilikaba mpaka gauni likaachia mshono. Mipira tuliyopokonya tukaikimbiza mbele na kuifunga, mwishoni tukawa tunaongoza kwa kikapu kimoja, na msichana wao mrefu akaruka kurusha. Tukaruka naye wote. Mpira ukaangukia mikononi mwa Zaituni, akaukumbatia na kuulalia mpaka filimbi ikalia.

Wote tuligeuka kumtazama Mkuu. Akaitazama plau, akatazama mawingu, akakohoa. "Mzee Shija," akasema, "rudisha ng'ombe." Mzee akashukuru, "Wabeja!" kwa sauti kubwa, maana udongo ule mgumu hata yeye alikuwa anaogopa kuulima. Nikakaa palepale chini. Mwalimu Neema alikuwa tayari chini, analia na kucheka kwa pamoja, amewashika Limi na Zaituni kila mmoja mkono wake.

Pasaka iliyopita nilikwenda Isaka kumwona mama, nikapita shuleni. Uwanja upo. Sasa una saruji na mistari ya rangi. Wasichana walikuwa wanacheza, wana chupa za maji na soksi ndefu, na kila kikapu kikiingia wanageuka kwanza kumtazama anayewarekodi. Kukaba hamna. Mpinzani anapita katikati yao kama anakwenda dukani. Nilijaza pumzi niwapigie kelele, halafu nikawatazama vizuri. Wamenona, wanacheka, wala hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kuangalia pembeni ya uwanja. Hawa hawajawahi kucheza huku jembe linawasubiri. Sisi tulijifunza kukaba kwa hofu, na mambo mengi mengine tuliyojifunza enzi zile tuliyajifunza hivyohivyo. Nikaishusha pumzi yangu taratibu. Mmoja wao akafunga, nami nikapiga makofi mpaka viganja vikaniwasha.