Bwawa Lililooshwa Wakati wa Msiba

Mke wangu alikuwa na bwawa la samaki nyuma ya migomba yetu, hapa Kisondela, na maji yake yalikuwa ya kijani kama kisamvu kilichotwangwa. Kila asubuhi, tukimaliza sala, alishuka bondeni, akakunja mkono wa sweta na kuuzamisha mkono wake taratibu mpaka maji yafike kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea machoni, alirudi ametulia. Kikionekana, alijaza samadi ya ng'ombe kwenye gunia na kulifunga pembeni mwa bwawa, ili ichujike kidogo kidogo.

Nilimtania kwamba anawapikia samaki uji.

"Na wao hawasali mpaka uji ukapoa," alinijibu, maana sala zangu za mezani alizifahamu.

Alipolazwa hospitalini Makandana, hakuniuliza habari za shamba wala za nyumba. Perege wake walikuwa wametoka kuzaa, na vifaranga walikuwa wadogo kiasi kwamba ukiwatazama vibaya huwaoni. "Baba, wale wadogo," aliniambia. "Wasife njaa." Nikamwahidi. Mungu alimchukua mchana, nikiwa nimeushika mkono uleule aliokuwa akiuzamisha.

Kwetu watu hawaji msibani kukaa tu. Akina mama huja na ndizi, kuni na mafagio, na kabla ya maziko nyumba ya mfiwa hufagiliwa mpaka kwenye mashina ya migomba. Dada mkubwa wa marehemu ndiye aliyeongoza kazi. Alipofika bondeni na kuona maji yale, aliona aibu kwa niaba ya mdogo wake. Marehemu alikuwa mtu msafi, alisema, watu wasije wakadhani aliugua mpaka bwawa likaoza. Wakatoa gunia la samadi, wakafungua mfereji wa kijito, na maji ya mlimani yakapita bwawani mchana kutwa.

Nilipopelekwa kutazama, maji yalikuwa maangavu, mawe ya chini yanaonekana. Niliona samaki mpaka mapezi yao, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Vifaranga walikuwa kama kivuli kidogo kando ya ukingo. Waombolezaji walisimama wakatazama, mmoja akasema hata samaki wamepata sare ya msiba. "Ndaga fijo," nikamshukuru shemeji yangu, na nikalia, kwa kuwa niliona jinsi walivyompenda.

Watu walipotawanyika nilibaki na ahadi yangu. Niliwarushia pumba asubuhi na jioni. Wakubwa walikula. Wadogo hawakusogea, na kile kivuli kikazidi kuwa chembamba.

Afisa uvuvi, binti mzaliwa wa visiwa vya Ziwa Victoria, alikuwa safarini wakati wa maziko. Aliporudi alikuja kunipa pole, kisha akaomba kuliona bwawa, maana yeye ndiye aliyemfundisha mke wangu. Alisimama ukingoni, akatazama mawe ya chini.

"Baba, nani ameliosha?"

"Akina mama wa msiba."

"Basi wameosha sahani, chakula kikiwamo."

Akanieleza kwa upole. Ule ukijani ulikuwa mimea midogo mno, inayoelea majini na kuishi kwa jua na samadi. Vijidudu vidogo huila mimea hiyo, na vifaranga huishi kwa hivyo vyote. Vyote kwa pamoja wataalamu huviita planktoni. Pumba ni kwa wakubwa, midomo ya watoto haiiwezi. Maisha yangu yote nimeomba mkate wa kila siku, na kumbe mkate wao uliteremka na kijito mbele ya macho yetu, nami nikashukuru.

Tuliziba mfereji, tukarudisha gunia. "Sasa tuombe jua," alisema.

Lakini ulikuwa msimu wa mvua, na ukungu haukuondoka mlimani. Jumapili kanisani tulimshukuru Mungu kwa mvua iliyostawisha chai, nikaitikia amina pamoja na wenzangu. Kila asubuhi nilizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, na kila asubuhi niliiona pete yangu ya ndoa iking'aa chini. Vifaranga niliwaopoa kwa chujio la chai. Walikuwa wepesi, sikuhisi kitu mkononi. Baadaye hata wakubwa kadhaa wakafa, maana pumba peke yake haikuwatosha, vichwa vikubwa, miili imekonda. Nilivumilia, lakini moyo uliniuma kana kwamba nazika mara ya pili.

Ukijani ulirudi polepole, wadogo wakiwa wamekwisha. Ndipo shemeji akaja kunisalimu. Akashuka bondeni, nikamfuata.

"Shemeji, limechafuka tena. Niwaite vijana?"

"Liache. Mdogo wako alilipenda hivi."

Nilimwonyesha namna ya kukunja mkono wa gauni. Akainama kwa taabu, akauzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Sikioni kiganja."

"Hivyo ndivyo alivyotaka."

"Na wale wadogo waliokuwa hapa ukingoni, wamekua?"

Alikuwa mzee, na tangu maziko alikuwa akijivunia kazi ile. Kusema uongo siwezi, na ukweli ungemuua.

"Wamemfuata mwenyewe," nilisema.

Akatikisa kichwa, akafikiri nasema wamekufa kwa huzuni. Akauacha mkono majini, akatabasamu kidogo, akasema maji ni ya vuguvugu.