Kutu ya Mama Flora

Hapa Kitangari hakuna aliyeijua kutu kama Bertila, mama yake Flora. Nyumba yake iliezekwa bati mwaka ule korosho zilipopata bei nzuri, siku ambazo mumewe Gervas alikuwa hai, akiwakusanyia wanunuzi binafsi korosho na kulala Masasi wiki nzima. Gervas akafa, bei ikashuka, bati zikabaki. Bati hizo ndizo zilizokuwa kisima cha Bertila, maana huku kwetu juu mlimani, mvua ikinyesha unakinga, ikikatika unapanga foleni bombani tangu alfajiri, na bomba lenyewe linakohoa tu.

Kila mwaka mvua zikikaribia alipanda juu ya paa akasugua bati kwa mchanga na kipande cha gunia. Pipa lake la chuma alilipindua, akalianika siku tatu, kisha akalipaka kwa nje mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayobabua ngozi. Majirani waliosahau kuanika mapipa yao walikunywa maji mekundu. Yeye aliwacheka. "Kutu haili kitu kikavu," alikuwa akisema, na mimi nilimwona mwanasayansi kuliko wanafunzi wangu wote wa darasa la sita.

Mimi naitwa Modest, mwalimu wa sayansi. Nimetokea Bukoba, na huko niliwazika dada zangu wawili kwa ugonjwa ule kabla dawa hazijafika. Kwa hiyo mwaka 2005 Bertila aliponiambia kwamba ameanzishiwa dawa za kupunguza makali kwenye hospitali ya wilaya, nilifurahi mpaka akanishangaa. Aliniambia kwa sababu alihitaji mtu wa kumsomea karatasi. Kusoma hakujua, na hakutaka Flora amsomee mambo hayo.

Ombi lake kwa Mungu lilikuwa moja. "Desemba ya mwakani Flora anatoka unyagoni, Mwalimu. Nataka nimpokee mimi. Sitaki apokewe na shangazi kama yatima."

Dawa zilimkubali. Akanenepa, akarudi shamba, akapalilia mikorosho yake mwenyewe. Kisha, baada ya miezi kama kumi, nyayo zikaanza kumwaka moto. Alitembea kama mtu aliyekanyaga makaa, akanipitia shuleni siku ya gulio akiwa ameshika kikaratasi.

Siku hizo kila mtu alikuwa anauza kitu. Tangu biashara iachiwe huria tulikuwa tumezoea: leo mitumba, kesho redio, keshokutwa vidonge vya nguvu za mwili. Mahmudu, mchuuzi kutoka Masasi, alikuwa amepanga chupa zake juu ya turubai, akigawa vikaratasi vya Kiingereza ambavyo yeye mwenyewe hakuvielewa. Bertila hakununua chupa. Kikaratasi alikichukua, kwa sababu kilikuwa na picha ya mtu mwenye miguu myekundu.

Nilikisoma, na hapo ndipo kiherehere changu kilipoanza. Kilisema virusi huufanya mwili utengeneze sumu zitokanazo na oksijeni, sumu hizo hula seli, na baadhi ya dawa nazo huongeza. Mengine sikuyaelewa. Mwalimu mwenye busara angesema, "Sielewi, kamwulize daktari." Mimi nilikuwa na chaki mkononi.

"Unajua msumari ukikaa nje unavyokuwa?" nikamwuliza. "Basi mwili wako nao, Mama Flora, unashika kutu. Kama bati lako lile. Ndiyo maana miguu inawaka."

Akatazama nyayo zake kwa muda mrefu.

"Na hizi dawa?"

"Nazo zinachangia kidogo. Lakini usiache."

"Ahsante, Mwalimu. Sasa nimeelewa."

Niliona raha kusikia neno hilo. Nilirudi darasani nikiwa nimevimba kichwa.

Zilipita wiki tatu. Anjelina, jirani yake, akanikuta njiani na ndoo yake kichwani.

"Mwalimu, hivi Mama Flora kahama? Ndoo yake siioni tena kwenye foleni. Nikimwuliza, anasema maji aliyonayo yanamtosha."

Ilikuwa Agosti. Hakuna mtu wa Kitangari ambaye maji yanamtosha mwezi wa Agosti. Niliacha madaftari nikaenda.

Nilimkuta uani, katikati ya makopa yake ya muhogo yaliyotandazwa juani, naye amekaa hapo hapo, miguu ameinyoosha. Midomo ilikuwa imepasuka. Macho yameingia ndani.

"Shikamoo, Mama Flora. Unafanya nini hapa?"

"Marahaba, Mwalimu." Sauti ilikuwa imekauka. "Najianika."

Nilidhani anatania. Akanieleza taratibu, kama anayemfafanulia mtoto. Maji alikuwa ameyaacha, ila funda moja asubuhi la kumezea kidonge. Uji ameacha, mchuzi ameacha. Anakula makopa ya kuchoma na korosho kavu. Vidonge vya kuongeza damu, ambavyo nesi alimwambia vina madini ya chuma, amevitupa chooni: nani anajiongezea chuma wakati kutu inamla? Na kidonge cha jioni cha dawa yenyewe hakimezi tena, kwa sababu kingedai funda la pili.

"Nitakauka kwanza, halafu nitaendelea," akasema. "Desemba niwe safi."

Nilichuchumaa kati ya makopa nikaanza kumweleza upya, haraka haraka. Nikamwambia mwili si bati. Nikamwambia kutu hii haitokani na maji, mwili unataka maji. Hata kutu ya bati, nikasema, maji peke yake hayaileti, lazima na hewa iwepo.

Akanikazia macho.

"Hewa?"

"Ndiyo. Ile oksijeni. Ndiyo hasa chanzo chake."

"Basi na hewa niiache, Mwalimu?"

Nilikuwa na cheti cha ualimu, nilikuwa nimefundisha mada ya kutu miaka minane, na nilichoweza ni kukimbilia barabarani kutafuta gari. Hata leo nikijiuliza usemi wangu ule wa kutu ulivyoingia akilini mwake, naona kila hatua aliyoifuata ilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyemwonyesha njia mbovu.

Tulipata gari la mizigo likielekea Newala. Alilala juu ya magunia, nami nimemshikilia. Nilikuwa naogopa, na pia nilikuwa naona aibu.

Hospitalini nesi Theodora, mwanamke mfupi mwenye maneno machache, alimtundikia dripu. Bertila alipoyaona yale maji yakishuka kwenye mpira na kuingia mkononi mwake alianza kulia, bila machozi maana machozi hayakuwepo. "Mnanimalizia," alisema. "Mnanimalizia."

"Nani alikwambia maji yanaua?" Theodora akauliza.

Nilikuwa nimesimama hapo, hatua mbili kutoka kitandani. Bertila akanitazama. Kisha akageuza uso ukutani.

"Watu tu," akasema.

Nami nikanyamaza. Naliandika hili kwa sababu Theodora sijamwambia hata leo: nilinyamaza.

Baadaye nilimfuata Theodora barazani nikamwuliza kama habari ya kikaratasi ni kweli au uongo. Akapangusa mikono.

"Ni kweli, na si vile," akasema. "Wasomi wanasema sumu hizo zipo, na kwa wagonjwa wetu ni nyingi zaidi. Nikiwaambia hivyo wanaacha dawa. Nikiwaambia hazipo, nasema uongo. Mimi nawaambia wale mchicha, wale mabibo yakiiva, wanywe maji na wameze dawa. Hiyo miguu ni dawa mojawapo inayomsumbua, daktari atambadilishia."

"Kwa hiyo mabibo yanaondoa kutu?"

"Mwalimu," akasema, "sijui. Yana vitamini. Kitu kinachomweka hai ni dawa." Akaondoka, nami nikabaki hapo nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuja.

Mabibo, ambayo huku tunayaacha yaoze chini ya mikorosho au tunayachachusha kuwa pombe! Mahmudu anatuletea chupa kutoka ng'ambo, na sisi tunakanyaga mabibo. Au pengine hayana maana yoyote. Sikujua, wala sasa sijui.

Desemba Flora alitoka unyagoni. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, ngoma zinalia, uwanja umejaa watu, na aliyetangulia mbele kumpokea mwari alikuwa mama yake, amevaa kitenge kipya, anacheza kwa tahadhari kwa sababu nyayo zilikuwa bado zinapona. Shangazi alikuwa nyuma, akipiga vigelegele kama inavyompasa.

Watu walipokaa kula, Bertila aliniita nyuma ya nyumba, kwenye pipa. Lilikuwa limejaa, maji meupe. Nikapiga moyo konde.

"Mama Flora, siku ile hospitali. Ilinipasa niseme kwamba ni mimi. Nisamehe."

"Nilijua ungesema siku moja." Akachota kikombe, akakiinamia kama anayemtazama mtu ambaye bado hamwamini. "Ningekutaja pale, ungeona haya kuja kwangu. Sasa nani angenisomea?"

Akatoa mfukoni karatasi ya dawa yake mpya, imekunjwa mara nne.

"Mimi sijaelewa bado, Mwalimu. Habari ya kutu, hewa, maji, sijaelewa. Wewe nisomee tu kilichoandikwa."

Nikaifungua. Nikasoma yaliyoandikwa, sikuongeza neno. "Asubuhi kidonge kimoja. Jioni kidonge kimoja. Unywe na maji ya kutosha."

Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Soma tena," akasema. "Hapo kwenye maji."