Bao la Tatu pale Bofu

Masikio yangu bado yana joto. Ninauza vifaa vya stima Bofu, na juzi nilileta gemu za kandanda za watoto, zile za bei nafuu. Kwetu kitu cha stima hakinunuliwi mpaka kijaribiwe mbele ya mnunuzi. Kwa hivyo Bi Mwanaisha alipokuja kumtafutia mjukuu wake zawadi, nilimwamkia, nikaunganisha gemu moja na runinga, nikawasha, nikashika pedi ya kuchezea.

Sijawahi kucheza gemu maishani, lakini wallahi siku hiyo nilikuwa moto. Nikibonyeza huku, mchezaji wangu anachenga watu. Nikibonyeza kule, bao. Wapita njia wakajaa mlangoni, nami nikapanda juu ya kigoda.

"Mwauona mkono huu?" nikawauliza. "Huu haununuliwi dukani."

Bao la pili likaingia, nikaruka hata kofia ikaanguka.

Bi Mwanaisha akainama polepole. Nikadhani ananiokotea kofia, kumbe ameinuka na ncha ya waya wa pedi yangu.

"Mwanangu," akauliza kwa upole, "na huu ulikuwa uchomekwe wapi?"

Kabla sijajibu, gemu ikafunga bao la tatu yenyewe.