Mashine ya Msimu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuta mezani taipureta, mhuri na sampuli za kahawa. Biashara ya kahawa ilikuwa imefanywa huria, na kampuni binafsi iliyofungua ghala Mbinga ilinichukua niwe karani wa mapokezi. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila fungu la kahawa limetoka kwa nani, kabla halijakobolewa.

Kompyuta ilikuja baadaye. Ilifanya kazi miezi ya mavuno tu, kisha tunaifunika kitenge hadi mwaka unaofuata. Msimu mmoja niliiwasha, ikagoma. Mfumo endeshi wake, yaani ile programu inayoiongoza mashine nzima, ulikuwa nakala ya mtaani, ukadai namba ya leseni tusiyokuwa nayo. Malori nayo yanashusha, mafungu hayaandikwi. Kahawa safi ya kijiji cha Litumbandyosi ikachanganyika na yenye uvundo, ikashushwa daraja. Wazee wa kule walipokea malipo pungufu wakaondoka. Aibu ile haijanitoka hadi leo.

Meneja akamwita fundi kutoka Songea. Alileta diski mbili, kila moja na mfumo endeshi huria, unaogawiwa bure na yeyote anaruhusiwa kuurekebisha.

"Huu mpya unapendeza, mama, ila kila mara unadai nyongeza za mtandaoni. Huu mwingine hauna sura."

"Ukilala miezi minane, upi unaamka bila kununa?"

Akacheka. "Huo usio na sura."

"Basi weka huo. Uzuri wa mkakasi siutaki."

Meneja akadakia, "Na uwashwe na yeyote, Mama Ndunguru. Hata siku ambayo wewe hupo."

Nikaandika hatua zote kwenye karatasi, nikaibandika ukutani. Lakini mimi si mtu wa kutulia. Nje ya msimu nilikwenda kuiwasha kila wiki, nione kama ingali hai.

"Mwache mgonjwa alale!" meneja alinitania.

Kisha nikastaafu. Siku msimu ulipofunguliwa nilishika jembe nikaliacha, nikabandika chai nikaisahau, simu nimeifunga kwenye pindo la kitenge. Haikulia. Saa sita sikuvumilia tena, nikaenda ghalani. Bi Kinunda, karani aliyeshika nafasi yangu, aliinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Imegoma?"

"Hapana, mama. Imewaka tangu asubuhi, nimefuata karatasi yako. Kahawa ya Litumbandyosi tumeshaipokea, iko peke yake."

Nilimshukuru Mungu, na nilimshukuru kweli. Lakini niwaambie ukweli, wanangu: njia nzima ya kwenda ghalani nilikuwa naomba iwe imegoma.